Tisa Tatu kwa Mwalimu, Shupaza Tatu Mezani

Tunacheza poka. Karata tano ziko wazi mezani: tisa ya shupaza, nane ya shupaza, nne ya pau, mbili ya uru, na ya mwisho kufunguliwa, saba ya shupaza. Mwalimu kashika tisa ya kopa na tisa ya uru. Ukijumlisha na ile ya mezani ana tisa tatu, na kwa meza hii hakuna anayeweza kuwa na tatu kubwa kuliko hizo. Mzigo wa madau uliokwisha kukusanyika ni maharage 75, maana maharage ndiyo tunayochezea. Dereva kapita bila kuweka kitu, Mwalimu kaweka 35, na Dereva, ambaye tangu karata zigawiwe alikuwa akifuata tu, kainamisha bakuli lake na kumwaga yote aliyobaki nayo: 163. Mwalimu aongeze 128 aone, au atupe karata na kuuacha mzigo.

Alitupa. Ugomvi ulianza hapo hapo, kwa sababu Dereva kabla hajavuta mzigo aligeuza karata yake moja tu, kumi ya kopa, na ile nyingine akaichomeka katikati ya fungu huku akitabasamu.

Mimi usiku huo nilikuwa mgawaji. Sikuwa na harage hata moja mezani, na kila dau lililowekwa nililihesabu kwa sauti. Naona watu wameng'ang'ania mahali pasipo. Kutupa tisa tatu pale hakukuwa uamuzi mgumu. Uamuzi mgumu ulikuwa yale maharage 35, nao ulipita bila mtu kuuliza.

Kuhusu meza yenyewe nisiseme mengi. Ni Uyole, Mbeya, Julai, baridi ya kuvaa makoti mawili, jiko la mkaa chini ya meza na chai ya tangawizi juu. Tunacheza poka ya Texas Hold'em kwa maharage, la njano moja, jekundu kumi, kwa sababu kuendesha mchezo wa fedha kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na hakuna kati yetu anayetaka maneno na Bodi ya michezo hiyo. Anayemaliza mwezi akiwa wa mwisho anapika. Usidhani basi kwamba mtu anacheza ovyo kwa kuwa ni maharage. Nimeona mtu akikosa usingizi kwa ajili ya nusu kikombe cha maharage ya njano.

Kwa ambaye hajacheza: kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunguliwa tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua ina mzunguko wake wa madau: unapita, unaweka dau, unafuata la mwenzako (ndiko kulipa), unalipandisha, au unatupa karata. Mwishoni unatengeneza karata tano bora kutoka kwenye zako mbili na tano za mezani. Tatu za namba moja zinashinda jozi mbili. Mfuatano, kama saba, nane, tisa, kumi na jeki, unashinda tatu. Karata tano za aina moja zinashinda mfuatano. Tatu pamoja na jozi zinashinda hizo zote. Watu wawili huanza kwa dau la lazima, mmoja harage 1 na mwingine 2, na usiku ule kila mtu alikuwa na maharage 200 kwa sababu tulikuwa tumegawana upya.

Sasa mchezo ulivyokwenda. Mwalimu alifungua madau kwa 6. Wengine wakatupa. Dereva, aliyekuwa na dau la lazima la 2, akaongeza 4. Pamoja na lile harage 1 la lazima lililoachwa, mzigo ukawa 13. Nikafungua tisa ya shupaza, nane ya shupaza na nne ya pau. Dereva akapita, Mwalimu akaweka 9, Dereva akafuata. Mzigo 31. Nikafungua mbili ya uru, karata isiyomsaidia yeyote. Dereva akapita, Mwalimu akaweka 22, Dereva akafuata, safari hii baada ya kuzitazama karata zake kwa mara ya pili. Mzigo 75. Kisha ikaja saba ya shupaza.

Mpaka karata ya nne Mwalimu alicheza vizuri kabisa, na ni muhimu kuelewa kwa nini, kwa sababu hesabu ya mwisho inaanzia hapo. Chukua mtu mwenye shupaza mbili mkononi, anayesubiri ya tano. Kwa macho yake zimebaki karata 46 asizozijua, na shupaza 9 kati ya hizo zinamfaa. Hiyo ni nafasi 9 kwa 37, karibu asilimia 20. Mwalimu alimtoza 22 ili agombee mzigo uliokuwa na 53, yaani mtu huyo alilipa asilimia 29 ya mzigo wote kwa kitu kinachotokea mara 20 katika 100. Anapata hasara. Hata hivyo hasara hiyo inaweza kuzibwa ikiwa shupaza ikija atavuna zaidi kwenye dau la mwisho. Avune kiasi gani? Kwa nafasi ya 9 kwa 37, ili 22 zake zilipe anahitaji kupata karibu 90 kila anapofaulu. Mezani zipo 53. Zilizobaki 37 na kitu lazima zitoke mfukoni mwa Mwalimu baada ya karata ya tano.

Ishike hiyo 37. Mwalimu akilipa zaidi ya hapo pindi shupaza inapotokea, bei nzuri aliyoiweka kwenye karata ya nne inafutika, na mtu aliyefuata kwa hasara anageuka kuwa aliyefuata kwa faida. Akilipa chini ya hapo, bei inabaki na makali yake. (Kwa kweli bei ilikuwa kali zaidi ya hapo, maana nne ya shupaza na mbili ya shupaza zingempa Mwalimu tatu pamoja na jozi, lakini mwenye kusubiri hajui hilo.)

Nirudi kwenye zile 163.

Mzigo ulikuwa 75, Mwalimu 35, Dereva 163. Jumla 273. Mwalimu akiongeza 128, mezani patakuwa na 401. Kwa hiyo anahitaji kushinda angalau mara 32 katika 100 ili kulipa kusimtie hasara. Theluthi, kwa kukadiria. Mwalimu anafundisha fizikia na hesabu hiyo aliifanya kichwani kabla chai haijapoa. Nilimwona midomo ikicheza. Swali lililobaki ni je, kati ya karata zote ambazo Dereva angeweza kufika nazo hapa na kumwaga bakuli, theluthi yake ni za kushindwa na tisa tatu?

Njia ya kujua ni kuzihesabu, kila karata mbili anazoweza kuwa nazo zikiwa namna moja. Si kuuangalia uso.

Tuanze na shupaza mbili. Kwenye fungu zimebaki kumi: ree, mfalme, malkia, jeki, kumi, sita, tano, nne, tatu na mbili. Dereva hupandisha mwanzoni akiwa na ree mbili, wafalme wawili au malkia wawili tu. Nyingine zote nzuri huwa anafuata. Kwa hiyo ree ya shupaza na shupaza nyingine yoyote, namna 9. Mfalme na malkia, na jeki, au na kumi, namna 3. Malkia na jeki au kumi, 2. Jeki na kumi, 1. Sita na tano, tano na nne, 2. Jumla 17, na nimeziacha za hovyo kama mfalme na tatu, ambazo Dereva huzitupa. Angalia pia kwamba jeki na kumi za shupaza pale si shupaza tano tu, ni mfuatano wa shupaza tupu, kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika.

Halafu mifuatano isiyo ya shupaza. Jeki na kumi zina namna 16 kwa jumla, ukiondoa ile ya shupaza zinabaki 15. Dereva anazipenda jeki na kumi. Lakini ni mwangalifu: akiwa na mfuatano huku shupaza tatu zimelala mezani, mara nyingi atalipa zile 35 aone, hatamwaga bakuli. Nampa theluthi, yaani 5.

Basi 17 na 5 ni 22. Hizo zote zinamshinda Mwalimu. Ili alipe bila hasara, zinatakiwa ziwepo namna kama 10 au 11 ambazo Dereva angemwagia bakuli na bado ashindwe.

Mdogo wetu wa benki alizitafuta, na nakiri alizitafuta kwa akili. Nane mbili, alisema, namna 3. Nne mbili, namna 3. Nane na saba za aina moja, 3. Tisa na nane za pau, 1. "Kumi hizo, Mwalimu! Ulikuwa na haki ya kulipa!"

Hesabu yake haina kosa. Tatizo ni kudhani kwamba Dereva anamwaga bakuli kwa zote kumi, na anamwaga kila mara. Mtu mwenye nane tatu au nne tatu, akiziona shupaza mbili mezani na mpinzani anaweka dau, hapigi subira. Anapandisha pale pale ili wanaosubiri walipe ghali. Dereva ndivyo anavyofanya. Akishika tatu utamsikia kabla ya karata ya nne. Hapa alifuata mara mbili, kimya. Na tuseme siku hiyo aliamua kunyamaza: je, akapata ujasiri karata mbaya kuliko zote ilipofunguka, ile iliyoleta shupaza ya tatu na mfuatano kwa pamoja? Mwenye nane tatu pale analipa 35 huku anaguna. Hizo kumi za mdogo wetu mimi nazihesabu mbili, na hapo nimekuwa mkarimu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau wanapojisifia tisa zao. Mwalimu kushika tisa mbili kunapunguza karata mbaya za mpinzani, si zile nzuri. Tisa imebaki moja tu, ya pau, kwa hiyo ree na tisa, tisa na nane, tisa na saba, vitu ambavyo Mwalimu anavitamani kukutana navyo, karibu vimetoweka. Shupaza hajaigusa hata moja. Angekuwa na karata dhaifu zaidi lakini ndani yake kuna ree ya shupaza, angekuwa na sababu nzuri zaidi ya kulipa kuliko akiwa na tisa hizi tatu, maana Dereva asingeweza kuishika ree hiyo.

Inabaki mkwara. Labda Dereva hakuwa na kitu, alipiga mkwara tu?

Hapa ndipo simu zilipotolewa na tukaonyeshwa video ya mwaka 2003, fainali ya World Series of Poker kule Las Vegas. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, dhidi ya Sammy Farha. Mezani tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza, tatu ya kopa. Farha ana malkia ya shupaza na tisa ya kopa, yaani jozi ya tisa. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa, yaani hana kitu. Anamwaga zote. Farha anafikiri, anatupa, na Moneymaker mwishowe anaondoka na ubingwa na dola milioni 2.5. "Umeona?" akasema mdogo wetu. "Tisa, nane, shupaza tatu. Meza ile ile!"

Ni kweli zinafanana kwa macho. Lakini tazama kila mtu kashika nini. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza mkononi. Alijua Farha hawezi kuwa naye, na wenye shupaza mbili nzuri wamepungua. Hiyo ndiyo karata ya kupigia mkwara. Tena alikuwa akisubiri vitu viwili, shupaza na mfuatano, na vyote vilikataa. Karata ya tano ilikuwa tatu ya kopa, haikuleta kitu, kwa hiyo waliokosa walikuwa wengi, na waliokosa ndio wapiga mikwara.

Meza ya Uyole ni kinyume chake. Saba ya shupaza ilileta karibu kila kilichokuwa kinasubiriwa. Mwenye shupaza kapata. Mwenye jeki na kumi kapata. Nani kakosa? Saba na sita, au kumi na saba, zisizo za shupaza. Zilikuwa zikisubiri mfuatano upande wa juu au wa chini, na sasa zimeambulia jozi ya saba. Za aina moja ni namna 3 na 3. Ili ziingie kwenye hesabu lazima uamini kwamba Dereva, akiwa na jozi ya saba, aliamua kuigeuza kuwa silaha. Wapo watu wa hivyo. Mdogo wetu wa benki ni mmoja wao, na ndiyo maana anawaona wenzake kila mahali.

Kwa miezi yote niliyogawa karata kwenye meza ile, sijaona Dereva akikamatwa na mkwara wa bakuli zima. Mikwara midogo ndiyo, ya maharage 5 au 6, hasa akitaka kumchokoza mama mwenye duka la vitenge. Bakuli zima, hapana. Mtu aliyekuwa akifuata taratibu kisha akaamka kwenye karata ya mwisho na kupandisha kwa kishindo, usimsome kama kijana wa video. Mbeya, Iringa, Las Vegas, kote ni hivyo: mpole akipandisha mwishoni, anacho.

Nilisema usihesabu uso, lakini kuna kitu nilikiona na nitakisema, msikipe uzito mkubwa. Dereva alipoinamisha bakuli, maharage mawili ya njano yaliviringika yakaingia chini ya kisahani cha chai cha Mwalimu. Akainua kisahani, akayaokota, akayaweka juu ya lundo. Mawili, katika 163. Mwalimu akamwuliza, "Mzee wangu, umepata shupaza?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Lipa uone, mwanangu."

Kwa hesabu yangu, 2 katika 24, Mwalimu angeshinda mara 8 katika 100. Alihitaji 32. Kulipa kungemgharimu, kwa wastani, maharage kama 95 kila mara anapokutana na hali hii na mtu huyu. Hata ukinizidishia mara mbili, hata ukimpa Dereva mikwara minne ambayo hajawahi kuipiga, bado huifikii theluthi. Kwa mdogo wetu wa benki ningesema vingine: kwake mikwara na pupa zingenipa namna 12 bila kujikuna, 12 katika 34 ni asilimia 35, na ningelipa. Karata zile zile, maharage yale yale, jibu tofauti.

Sasa ile kumi ya kopa.

Ilipogeuzwa, meza ililipuka, na inaeleweka kwa nini: mwenye kumi ya kopa hana shupaza mbili. Zile namna 17 nilizozihesabu zote zikafa kwa mpigo. Zinabaki jeki na ile kumi, namna 4, au kumi na kumi, namna 3. Kumi mbili zinashindwa na tisa tatu. Mdogo wetu akapiga hesabu papo hapo: 3 katika 7 ni asilimia 43, zaidi ya 32, kwa hiyo Mwalimu kaporwa.

Mwalimu alipoamua, kumi ile ilikuwa imelala kifudifudi. Hilo peke yake latosha. Lakini hata tukiikubali ndani ya kesi, nani aliyeichagua? Dereva mwenyewe, akiwa amekwisha kushinda, alitazama karata zake mbili akaamua ni ipi tuone. Ushahidi uliochaguliwa na mshtakiwa huo. Alitaka Mwalimu alale akiwaza kumi mbili, ili safari nyingine alipe. Na zile 4 kwa 3 zinafanya kana kwamba Dereva humwaga bakuli kwa kumi mbili mara nyingi sawasawa na kwa mfuatano. Mwenye kumi mbili, akiwekewa 35 kwenye meza yenye shupaza tatu, anafikiria kulipa au kutupa. Kupandisha hakumjii kichwani. Mimi nadhani alikuwa na jeki. Siwezi kuthibitisha na sihitaji.

Nije kwenye maharage 35, maana haya ndiyo niliyoyakusudia.

Saba ya shupaza ilipofunguka na Dereva akapita, Mwalimu alikuwa na njia mbili. Apite naye, karata zifunuliwe, mwenye kubwa achukue 75. Au aweke dau. Aliweka 35 kwa mazoea. Mwalimu akishaanza kuweka haachi, na Dereva anamjua hivyo. (Ndiyo maana hoja ya "angekuwa na shupaza asingepita" haina nguvu. Kwa nini uweke mwenyewe wakati mwenzako atakuwekea?)

Dau la mwisho lina faida ikiwa watakaokulipa wakiwa na karata ndogo ni wengi kuliko watakaokulipa au kukupandishia wakiwa na kubwa. Upande wa wadogo: jeki mbili na kumi mbili, 6 na 6. Nane mbili na nne mbili, 3 na 3. Ree na tisa ya pau, 4. Nane na saba za aina moja, 3. Hapo ni 25. Ree na nane zipo 12, tuseme nusu ndiyo italipa, tunafika 31. Upande wa wakubwa: zile 22 za kumwaga bakuli, na mifuatano 10 iliyobaki ambayo ingelipa tu. 32.

Thelathini na moja kwa thelathini na mbili. Kwa hesabu hiyo, ambayo imewapendelea wadogo, dau la 35 halimletei Mwalimu hata harage moja. Linamletea jambo moja tu: linampa Dereva nafasi ya kumwaga bakuli. Kupita hakugharimu kitu, na mwenye shupaza au mfuatano anaishia na zile 75 zilizokwisha lala mezani. Kumbuka ile 37 ambayo mwenye shupaza alihitaji kuivuna ili kufuata kwake kwenye karata ya nne kulipe. Mwalimu akipita, mwenye shupaza anavuna sifuri. Mwalimu akiweka 35 na kutupa, mwenzake anavuna 35, bado chini kidogo ya 37. Mwalimu akilipa bakuli, mwenzake anavuna 163, na kila aliyefuata kwa hasara kwenye karata ya nne anatajirika. Mdogo wetu anapomwambia Mwalimu alipe, anamwambia arudishe bei yote aliyoitoza.

Kama lazima uweke, basi weke ukiwa umekwisha amua utafanya nini ukipandishiwa. Dereva mwenyewe anateremka mlima Kitonga na tani thelathini kila wiki, na gia anaichagua juu, kabla ya kona ya kwanza. Mwalimu aliweka 35 bila kujiuliza swali hilo, likamkuta katikati ya mteremko. Alijibu sawa, kwa bahati ya kuwa mtu wa hesabu. Wengi wetu pale tungelipa kwa hasira, kwa sababu tisa tatu ni nzuri mno kuzitupa.

Maharage 20 ningeyaelewa. Jeki mbili zinalipa 20 kirahisi kuliko 35, ree na nane nazo, na ukipandishiwa umepoteza kidogo. Lakini kwa Dereva mimi ningegonga meza nikapita, na mama mwenye duka, ambaye hakusema neno usiku kucha, ndivyo alivyosema alipokuwa anavaa koti: "Mimi ningepita tu, mwaya."

Kuna hali moja ambayo ingenibadilishia jibu la kutupa, na nimeifikiria sana kuliko ile kumi ya kopa. Ni kama Dereva angekuwa amebakiwa na maharage machache. Tuseme angekuwa na 60 tu, si 163. Mwalimu kaweka 35, Dereva kamwaga 60, mzigo 170, kuongeza ni 25. Hapo anahitaji asilimia 13 tu, yaani namna 3 na kitu dhidi ya zile 22. Mimi nimempa 2. Tofauti kati ya 2 na 3 ni ndogo kuliko makosa yangu ya kumkadiria Dereva, na mtu mwenye maharage 60 humwaga kwa vitu ambavyo mwenye 163 hawezi: nane tatu, nne tatu, hata jeki mbili kwa kuchoka na baridi. Hapo ningelipa 25 zangu, na angenionyesha shupaza mbili mara nyingi, na bado ningelipa tena.